Tathmini ya huduma ya ukanda wa vetiva na kinamasi cha matete katika bonde la Luiche, Kigoma

Kitalu kimoja cha miche mjini Kigoma, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa baadhi ya ninayoyaandika hapa hayatakipendeza, kimeanza kuwauzia wakulima wa mabondeni huduma mbili ambazo zamani tulizisikia kwa maafisa ugani tu: kupanda ukanda wa nyasi za vetiva chini ya shamba, na kuchimba kinamasi kidogo cha matete ambacho maji ya mvua hupitia kabla hayajaingia mtoni. Kikundi chetu cha wakulima wa nyanya, vitunguu na mahindi, chenye mashamba kwenye mteremko unaoshukia bonde la Luiche upande wa kusini wa Ujiji, kilinunua huduma zote mbili na kimekaa nazo msimu mzima wa mvua. Vetiva yao ni nzuri na inastahili fedha inayotozwa. Kinamasi chao ni kidogo mno kwa kazi kinachopewa, na baadhi ya maneno yanayosindikiza mauzo yanafaa kukataliwa palepale yanapotamkwa.

Anayelima miteremko ya huku hahitaji kuelezwa sana shida yenyewe. Mvua zinapoanza, mara nyingi kati ya Oktoba na Novemba, ardhi imekwisha kutifuliwa na haina mmea wa kuishikilia, mbolea ya kupandia imewekwa, na miche ya nyanya imekwisha kupuliziwa viuatilifu. Mvua moja kubwa hubeba tabaka la juu la udongo pamoja na vyote vilivyowekwa juu yake, ikavipeleka mtoni na hatimaye ziwani. Katika maji hayo kuna vitu viwili vyenye tabia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo niliyoitumia kupima huduma hii. Fosforasi, iliyo nyingi kwenye mbolea ya DAP, hung'ang'ania chembe za udongo na husafiri pamoja na tope. Naitrojeni ya mbolea za urea na CAN, ikishageuka kuwa naitreti, huyeyuka na kwenda na maji yenyewe, hata maji hayo yakionekana safi machoni. Kwa hiyo kizuizi kinachokamata tope hukamata pia sehemu kubwa ya fosforasi, ilhali naitreti inaweza kukipita bila taabu, na muuzaji anayedai kwamba nyasi zake "zinasafisha maji" bila kusema yanasafishwa kutokana na nini hajamweleza mteja jambo la maana.

Kwa Ziwa Tanganyika suala hili lina uzito wa pekee. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na njia yake ya kutolea maji ni mto mmoja tu, Lukuga, ulio upande wa Kongo, kiasi kwamba maji yaliyoingia hukaa humo mamia ya miaka. Tope linalofika ufukweni hufunika mawe ambako samaki wadogo wa pwani hula mwani na kulelea makinda yao, na virutubisho vikizidi hulisha mwani wa aina ambayo hakuna anayeihitaji. Nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mwaka 2003 mkataba wa kulisimamia kwa pamoja, na mmomonyoko wa udongo unaotokana na mashamba ya miteremkoni ni miongoni mwa matatizo yaliyosukuma mkataba huo.

Sasa niingie kwenye bidhaa. Mashina ya vetiva huletwa yakiwa yamefungwa mafungu, mizizi imepakwa tope na kuviringishwa kwa gunia lililoloweshwa, majani yamekatwa kubaki urefu wa kama sentimita 20. Nilifungua mafungu kadhaa kabla hatujalipa, na nashauri kila mnunuzi afanye hivyo, kwa sababu ubora wote wa kazi uko hapo: kila kipandikizi kiwe na machipukizi mawili au matatu yaliyoshikamana, kitako chake kiwe kigumu na cheupe kikikwaruzwa kwa ukucha, na mizizi isiwe imekauka hadi kukatika kama uzi. Mafungu yetu yalikuwa hivyo karibu yote. Aina wanayouza haienezwi kwa mbegu wala haitambai chini ya ardhi kama sangari, kwa hiyo anayeogopa kuingiza gugu jipya shambani mwake hana sababu ya kuwa na wasiwasi. Mizizi yake huenda chini wima hadi mita 3 na kupita, na ndiyo sababu haishindani sana na mazao yaliyo jirani. Si mmea mgeni katika kazi hii, kwani ulitumika kwenye mashamba ya miwa ya Fiji tangu miaka ya 1950, na Benki ya Dunia ikausambaza India katika miaka ya 1980.

Bei tuliyotozwa ilikuwa shilingi 200 kwa shina. Nafasi inayopendekezwa ni sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina, na kwa sentimita 15 mstari wa mita 100 unakula mashina kama 670. Tulipanda mistari miwili, hivyo kila mita 100 za ukanda ziligharimu takriban shilingi 268,000 kwa mashina peke yake, mbali na ujira wa mafundi. Kwa mkulima mmoja mmoja fedha hiyo si ndogo. Kwa kikundi inavumilika, hasa ikikumbukwa kwamba baada ya msimu mmoja au miwili shina moja linaweza kugawanywa kuwa mengi, na kuanzia hapo hakuna haja ya kurudi kitaluni.

Upandaji ndio uliotufurahisha kuliko yote. Fundi mkuu alikuja na fremu ya miti yenye umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwenye kamba katikati, akaanza kutembeza miguu ya fremu hiyo juu ya mteremko hatua kwa hatua huku msaidizi wake akipigilia vijiti mahali kamba ilipotulia katikati. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko upandaji wenyewe. Mwenyekiti wetu alipoanza kulalamika kwamba jua linazidi kuwa kali, fundi alimjibu kwa upole, "Mama, nivumilie kidogo. Mstari ukiinama hapa, maji yote ya shamba yatakimbilia hapa hapa." Alikuwa na haki. Ukanda wa nyasi hufanya kazi pale maji yanapoufikia yakiwa yametawanyika kama shuka, yakapunguzwa mwendo, yakaacha tope lake nyuma ya mashina. Maji yakijikusanya kuwa mkondo, huupenya mahali pamoja na kuondoka na kila kitu, hata ukanda ukiwa mpana kiasi gani.

Ushahidi wa jambo hilo tuliupata kwenye shamba letu wenyewe. Upande mmoja wa mteremko kuna njia ya ng'ombe inayokwenda kunywesha, na ng'ombe hawakujali kwamba tumepanda. Walikanyaga mashina machanga, wakala majani yaliyochipua, na mahali hapo pakabaki mwanya usiozidi upana wa mlango. Mvua kubwa zilipokuja mwanya huo uligeuka kuwa korongo dogo, na chini yake tope lilitandazwa hadi kwenye matete. Mafundi walikuwa wameiona njia hiyo siku ya kupima, na mtu anayeuza huduma hii kama kazi yake ya kila siku alipaswa kutuambia tuihamishe njia kwanza, au tuizungushie miti ya miiba, ndipo tupande. Hakusema. Alipoulizwa baadaye alijibu kwamba ng'ombe si sehemu ya mkataba, na kwa kuwa ni kweli kwamba hatukuwa tumewaandika, mazungumzo yaliishia hapo.

Mahali pengine pote ukanda umefanya kazi vizuri. Kipimo tulichotumia kinawezekana kwa yeyote: chupa mbili zinazoonyesha ndani, moja ijazwe maji yanayotiririka juu ya ukanda na nyingine maji yanayotoka chini yake, katika mvua ile ile, kisha zote zisimamishwe juu ya meza hadi asubuhi. Chupa ya juu ilituama ikiwa na tabaka nene la udongo mwekundu chini, na juu ya udongo huo mstari mwembamba wa mboji nyeusi na vipande vya majani. Chupa ya chini ilikuwa na tabaka jembamba ambalo ulilazimika kuiinamisha chupa kidogo ili ulione vizuri. Hata hivyo maji yenyewe katika chupa hiyo ya chini yalibaki na ukungu wa rangi ya maziwa ya chai, kwa sababu chembe laini kabisa za mfinyanzi hazitui katika muda mfupi ambao maji hukaa ndani ya nyasi. Ukanda mwembamba unakamata mchanga na udongo mzito kwanza, na kila mita inayoongezwa upana huongeza kidogo kuliko ile iliyotangulia. Chembe hizo laini ndizo hubeba fosforasi nyingi kwa uzito wake, jambo ambalo karatasi ya matangazo ya kitalu haigusii kabisa.

Hapo ndipo kinamasi kilitakiwa kusaidia. Ramani waliyotuchorea ilikuwa sahihi katika wazo lake: kwanza shimo refu kidogo la kutuliza tope, kisha uwanja usio na kina kirefu uliopandwa matete, na mwisho mlango mpana wa mawe wa kutolea maji taratibu. Maji yakikaa humo, chembe laini hupata muda wa kutua, matete hufyonza sehemu ya virutubisho, na ndani ya tope jeusi lisilo na oksijeni bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile ambayo ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Joto la Kigoma husaidia bakteria hao kufanya kazi kwa kasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanyia utafiti vinamasi vya kujengwa vya aina hii kwa miaka mingi, zaidi kwa maji taka, na matete ya kwetu ni miongoni mwa mimea iliyotumika, kwa hiyo hakuna la kubahatisha katika kanuni yenyewe.

Tatizo ni ukubwa. Kwa maji ya mashambani, wataalamu wengi hupendekeza kinamasi kiwe asilimia 1 hadi 5 ya eneo linalomwagia maji. Shamba letu linalomwaga maji kuelekea hapo ni ekari 4, yaani takriban mita za mraba 16,000, hivyo kiwango cha chini kabisa kingekuwa mita za mraba 160. Tulichimbiwa uwanja wa mita 8 kwa mita 5. Katika manyunyu madogo kilionekana kizuri sana, na picha zake zilistahili kuonyeshwa. Katika mvua kubwa, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya udongo wa msimu mzima, maji yaliingia upande mmoja na kutokea wa pili kabla hata hayajatulia, na mara moja yaliling'oa tope lililokwisha kutua na kulipeleka chini. Tulipohoji, tuliambiwa kwamba kipimo hicho ndicho "cha kawaida" kwa bei tuliyolipa. Kama ndivyo, ingefaa waseme tangu mwanzo kwamba bei hiyo hainunui kinamasi kinachotosha ekari 4, nasi tungeamua kuchimba wenyewe kwa nguvu za wanakikundi, jambo ambalo halihitaji ufundi mkubwa mara ukishapata usawa wa ardhi na mahali pa kutokea maji.

Kuna pia suala la mbu, ambalo katika mkoa huu hakuna ruhusa ya kulipuuza. Shimo la kutuliza tope lilibaki na maji yaliyosimama kwa muda mrefu baada ya mvua kukatika. Mbu huhitaji siku chache tu, kama juma moja hadi mawili, kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo shimo la namna hii liwe na tundu dogo chini la kulikausha polepole kabla ya juma kwisha, au lisiwepo karibu na nyumba. Letu halikuwa na tundu. Tuliliweka wenyewe kwa kipande cha bomba la plastiki.

Jambo lililonikera kuliko ukubwa wa kinamasi ni mahali walipotaka kukiweka. Kati ya shamba na mto kuna kipande cha ardhioevu ya asili, chenye matete marefu na mafunjo, ambacho hakuna aliyekilima kwa sababu mguu unazama. Pendekezo lao la kwanza lilikuwa kukifyeka kipande hicho, kukisawazisha na kupanda humo matete yao kwa mistari, ili kinamasi "kionekane cha kitaalamu". Yaani tulipe fedha kuondoa kinachofanya kazi hiyo bure, kisha tulipe tena kupanda mimea ile ile. Tope la kinamasi cha asili limejengeka kwa majani yaliyooza miaka mingi, na majani hayo ndiyo chakula cha bakteria wanaoiondoa naitreti. Uwanja mpya wenye udongo mtupu hauwezi kulifikia tope hilo katika msimu wake wa kwanza. Tulikataa, na kwa sifa yao walikubali kuhamia juu zaidi bila ubishi mrefu.

Mkoa wetu una mfano mkubwa wa kuelewesha jambo hili. Malagarasi, kabla ya kumwaga maji yake ziwani karibu na Ilagala, hupitia mabwawa na vinamasi vinavyotapakaa Kigoma na Tabora, na eneo hilo la Malagarasi-Muyovozi, lenye hekta milioni 3.25, ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Luiche haina uwanja wa kupumulia wa ukubwa huo. Vipande vyake vya matete vilivyobaki ni vidogo na viko jirani na majaruba na bustani zetu, na kila kinachofyekwa hakina mbadala wa kununuliwa kitaluni.

Ahadi moja zaidi inahitaji kukataliwa. Msimamizi wa mauzo aliwaambia baadhi ya wanakikundi kwamba ukishapanda ukanda wa vetiva wa mita 3 unaweza kulima hadi ukingoni mwa mto bila madhara. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na nyasi za mtu hazikiondoi. Hata sheria ikiwekwa kando, hesabu yake haisimami: mita 3 za nyasi zinakamata tope zito, lakini naitreti inayopita ndani ya udongo inahitaji eneo pana lenye mizizi na unyevu. Wakulima waliomwamini wangejikuta na faini mkononi na vitunguu vilivyofunikwa na mafuriko kwa wakati mmoja.

Kitu kingine ambacho huduma haikukigusa ni mbolea yenyewe, ingawa nakubali kwamba muuza nyasi hawezi kulaumiwa sana kwa kutomwambia mteja kwamba anaweza kuhitaji nyasi chache zaidi. Urea iliyomwagwa juu ya ardhi saa chache kabla ya mvua kubwa itaondoka na mvua hiyo, na hakuna ukanda utakaoirudisha. Wanakikundi walioanza kuigawa mara mbili au tatu na kuifukia kwenye mashimo walipunguza mifuko waliyonunua, na kwangu akiba hiyo ina maana kubwa kuliko mistari yote miwili ya vetiva. Kuosha bomba la kupulizia dawa mtoni ni jambo lile lile: dawa iliyomwagwa moja kwa moja majini haipiti kwenye nyasi za mtu yeyote.

Kuhusu utunzaji, maelezo ya kitalu yalikuwa mafupi lakini ya kweli. Vetiva hukatwa ikibaki kama sentimita 30 hadi 40, jambo linaloifanya iongeze machipukizi na kuziba mianya, na majani yaliyokatwa tumeyatandaza kwenye vitunguu. Matete ya kinamasi nayo yavunwe na kutolewa nje kabisa, kwa sababu yakiachwa yaozee humo hurudisha majini virutubisho yaliyovifyonza. Tope la shimoni lizolewe kiangazi na kurudishwa shambani, kwani ni udongo wetu wenyewe, wenye mbolea tuliyoilipia.

Mwenye ng'ombe wa maziwa anaweza kuuliza kwa nini asipande mabingobingo badala ya vetiva. Yanaota haraka, yanakatwa kuwa malisho, na yanakamata tope vizuri, ila mizizi yake huingia kwenye mazao na kuyanyang'anya maji, na huhitaji kukatwa mara kwa mara. Mahali penye nafasi ya kutosha kati ya ukanda na mazao, ningeyachagua bila kusita. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo.

Anayetaka kuagiza afike kitaluni mapema, Agosti au Septemba, kwa kuwa mvua zikishaanza mashina bora huwa yamekwisha na yanayobaki ni yale yenye chipukizi moja. Aombe iandikwe kwamba mashina yatakayokufa katika mwezi wa kwanza yatarudishiwa, kwani kwetu walirudishia bila shida lakini kwa neno la mdomo tu, na waliokuja baada yetu wameambiwa kwamba utaratibu huo haupo. Gharama ya guta la kubeba mafungu hadi shambani haimo kwenye bei. Kikundi chetu kimeagiza mafungu mengine kwa ajili ya kuziba mwanya wa njia ya ng'ombe, ambayo tayari imehamishwa. Kinamasi cha pili, cha ukubwa unaostahili, tutakichimba kwa majembe yetu kiangazi hiki.